Jumamosi ya Kumsikia Redio

Kaka yangu hakalii kiti kabla ya kukibonyeza. Iwe msibani, iwe kwa mwalimu mkuu, atakipima kwanza kwa kidole gumba, ndipo aketi. Akikuta sponji limechoka hasemi kitu, ila mimi ninayemjua namwona anavyokereka, kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye chakula na mwenyeji anamtazama. Ni fundi makochi. Yeye anapiga mbao, anakaza springi na kubandika sponji. Mimi, mdogo wake, nashona vitambaa. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi. Harufu ya gundi iliyomo humo sisi tumeshaizoea, wateja ndio wanaopiga chafya.

Watu wakiniuliza tunaelewana vipi kutwa nzima ndani ya chumba kimoja, nawajibu kuwa ni rahisi: mimi nasema, yeye ananyamaza. Ndivyo tulivyogawana tangu utotoni. Mteja anaweza kumsimulia habari za kochi lake kuanzia siku ya harusi mpaka siku mjukuu alipolikojolea, na kaka akishasikiliza yote atajibu, "Alhamisi." Maana yake, njoo ulichukue Alhamisi. Si kiburi, wala si unyonge. Anasema panapobidi, na mara nyingi haoni kama pamebidi.

Liko jambo moja tu linalomfungua mdomo, nalo ni jina la mwenye mali. Kila fremu inayoingia kwetu inaandikwa jina kwa chaki upande wa chini. Si jina la aliyeileta, si la dereva, si la shemeji aliyekuja kuchagua kitambaa. La mwenye mali. Zamani, kabla sijajiunga naye, alipeleka seti nzima ya viti nyumba siyo, kwa sababu viliandikwa jina la mpwa aliyevileta, na mpwa akavipokea bila haya akavikalia. Fedheha ile haijamtoka mpaka leo. "Andika la mwenye mali" nimelisikia kutoka kwake mara nyingi kuliko habari za asubuhi. Nalieleza hili kwa sababu ndilo lililokaribia kututoa machozi ya bure.

Rafiki yake mkubwa alikuwa kinyume chake kabisa, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Redio. Yule hakuzimika. Walikuwa watatu: kaka, Redio na mwingine aliyeitwa Mrefu, ambaye baba yake alikuwa fundi wa televisheni na hivyo kwao hapakukosekana kioo kinachowaka. Juu ya meza ya yule mzee palikuwa na mashine ya gemu iliyoachwa na mteja asiyerudi. Walikuwa wakicheza mpira pale, watatu kwenye benchi moja la mbao tupu, wakipokezana pedi mbili. Redio alipolalamika kwamba makalio yanamuuma, kaka aliokota matambara na gunia, akalipigia benchi lile godoro. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya ufundi. Malipo yake yalikuwa kutangazwa.

Maana Redio hakujua kucheza. Alifungwa na kila mtu, hata na mimi. Ila alitangaza mechi kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na hakuishia kwenye mechi. Mama yake Mrefu akipita na ufagio, alitangazwa. Nami nikitumwa kumwita kaka akale, nilipokelewa mlangoni hivi: "Ndugu wasikilizaji, dada mtu ameingia uwanjani! Uso umekunjamana, mikono iko kiunoni, hali si shwari kwa timu ya nyumbani!" Nilikuwa nikimtolea macho. Nikishatoka nje nilikuwa nikicheka mpaka naegemea ukuta.

Kaka aliyapenda yale kuliko alivyoyapenda magoli. Alicheza kimya, uso hauna habari, lakini Redio akisema, "Fundi anaukokota, Fundi hana haraka, Fundi anaupima mpira kama kiti cha mgeni," nilimwona akibana midomo ili asicheke. Nafikiri alipata raha ya mtu ambaye kuna mwingine anayemsemea.

Wakakua, wakatawanyika. Mrefu siku hizi anaendesha lori la taka katika mji wa ng'ambo, Redio anafanya kazi ghalani katika nchi nyingine tena, baridi kali, anapakia vipuri vya magari. Kaka alibaki na makochi yake. Kwa miaka waliishi kwa ujumbe wa sauti: Redio anatuma wa dakika kumi, kaka anajibu kwa kidole gumba cha kwenye simu, na wote wawili wanaridhika.

Halafu sauti ya Redio ikaanza kukwaruza. Alisema ni mafua. Baadaye akasema ni vumbi la ghalani. Tulimtania kwamba betri zinakwisha, na utani ule naukumbuka kwa uchungu, ingawa hata yeye aliucheka. Vipimo vilipotoka, ilikuwa saratani ya koromeo, na imeshakwenda mbali. Madaktari wangemtoa koromeo lote. Angepumua kwa tundu la shingoni. Vifaa vya kumsaidia kuongea vipo, walimwambia, ila itakayotoka haitakuwa sauti yake.

Habari hiyo alituletea Mrefu kwa simu, mchana, tukiwa karakanani. Kaka aliweka spika juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya kitambaa.

"Upasuaji Jumatatu," Mrefu alisema. "Anataka tucheze Jumamosi. Sisi watatu, kwa mtandao. Kila mtu kwake, tunasikiana kwa hedifoni."

Kaka alikuwa ameshika stepla. Hakuiweka chini.

"Si tumpigie tu simu tuongee naye?" niliuliza mimi, kwa sababu nilijua kaka hatauliza.

"Dada yangu, simu ameizima. Anasema kila anayepiga analia, halafu anamuuliza kama anakula. Hataki sauti yake iishie kwenye kujibu maswali ya ugonjwa. Anataka kutangaza mechi. Wiki hii nzima haongei, hata na mkewe anaandikiana. Anaitunza. Shida ni Fundi. Wewe una mashine?"

"Ya binti," kaka alisema.

"Umeshawahi kuiunga na mtandao?"

"Nitaiunga."

Binti yake yuko shule ya bweni, na mashine yake ilikuwa sebuleni imefunikwa kitambaa nilichokishona mimi mwenyewe, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna kitu kisichovalishwa. Nilijitolea kumsaidia. Alinitazama kama niliyemtukana. Mtu anayeweza kulichana kochi la pembe mpaka likabaki mifupa na kulirudisha, atashindwa na kisanduku kile? Basi nikamwacha. Jioni zake zote za wiki ile alizimaliza sakafuni mbele ya televisheni, miwani puani, akisoma kila neno la kila ukurasa wa masharti, jambo ambalo sidhani kama kuna binadamu mwingine amewahi kulifanya. Alinunua hedifoni yenye maiki. Alivuta waya kutoka kwenye ruta ukapita juu ya mlango, akaupigia misumari midogo kwa ustadi, ukanyooka kuliko waya wa fundi umeme. Akafungua akaunti. Ijumaa alicheza mechi ya majaribio na watu asiowajua, wakamchakaza, akaja karakanani ameridhika.

"Iko sawa?" nilimuuliza.

"Inacheza."

Kusikia sauti hakukujaribu, maana Redio anaitunza yake na Mrefu alikuwa kazini.

Jumamosi mchana nilikwenda kwake. Wifi yangu alikuwa zamu, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kaka alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kutokea. Sikusema lolote kuhusu shati lile, na wanaonijua watakubali kwamba hiyo si desturi yangu. Aliketi, akavaa hedifoni, kisha akaivua na kuibadilisha ili sauti itoke kwenye televisheni, nami nisikie. Maiki akaibakiza shingoni.

Majina yao yakatokea kwenye kioo, moja chini ya jingine. Mrefu. Redio. Fundi. Timu moja ya watatu, mashine yenyewe ikicheza upande wa pili. Mbele ya kila jina palikuwa na alama ndogo ya maiki. Wote wakabonyeza kwamba wako tayari, mechi ikaanza, umati wa kwenye gemu ukapiga kelele, mpira ukatembea.

Redio hatukumsikia.

"Bado hajaanza," kaka alisema.

Lakini alama ya maiki mbele ya jina la Redio ilikuwa inawaka. Inawaka kijani, inazimika, inawaka tena, ndefu, fupi, ndefu. Sikuhitaji kufundishwa maana yake. Alikuwa anaongea. Kule alikokuwa, kwenye nchi yake ya baridi, alikuwa anatangaza kwa nguvu zote zilizobaki kooni, na sisi tulikuwa tunaangalia taa.

"Ongeza sauti," nilisema. Akaongeza. Umati ukanguruma, filimbi ikalia kama iko chumbani, Redio hakuna.

"Redio," kaka aliita kwenye maiki. "Redio, sikusikii. Mrefu."

Alama yake yeye haikuwaka. Wao pia hawakumsikia, na kilichonikata maini ni kwamba hawakushangaa. Kwao Fundi alikuwa anacheza kama alivyocheza maisha yake yote, mdomo umefungwa. Ningekuwa mimi ndiye niliyenyamaza, wangesimamisha mechi na kuita gari la wagonjwa.

Nilimpigia Mrefu. Simu iliita mpaka ikakata, maana masikio yake yalikuwa ndani ya hedifoni. Nikapiga tena, vilevile. Ya Redio ilikuwa imezimwa, hilo tulilijua. Kutoka kwenye mechi kaka hakuthubutu. Akitoka, mechi inavunjika, na sauti ile haikuwa ya kuchezea, kwamba itaanzishwa na kukatishwa na kuanzishwa tena. Akaendelea kucheza, jasho linamtoka, macho hayatoki kwenye kile kitaa.

Ndipo nilipomwomba asimamishe jicho kwenye pembe ya chini ya kioo. Palikuwa na maandishi madogo ambayo tulidhani ni tangazo. Niliyasoma kwa sauti: "Hii ni akaunti ya mtoto. Mazungumzo yamezuiwa. Mwombe mzazi wako akupe ruhusa."

Nilimtazama kaka yangu, mtu mwenye mvi masikioni. "Uliandika umezaliwa lini?"

"Iliuliza tarehe ya kuzaliwa."

"Ndiyo. Ukaandika ya nani?"

Alinijibu bila kugeuka, kwa ile sauti ya mtu anayesema jambo lililo wazi. "Mashine ni ya binti. Niliandika ya mwenye mali."

Siku nyingine ningecheka mpaka nigaregare. Siku ile nilitaka kumpiga na mto. Mzazi aliyeandikishwa kwenye mashine ile alikuwa wifi, ndiye aliyeinunua na kuifungua wakati ule. Ombi la akaunti mpya lilipomfikia simuni Jumatano, alilikubali akiwa kwenye foleni ya duka la dawa, akidhani ni mambo ya mwanawe. Na sasa ruhusa ya mume wake kuongea na rafiki zake ilikuwa ndani ya simu yake, na simu yake ilikuwa ndani ya kabati la chuma mlangoni pa chumba cha kufulia, kwa sababu huko hakuna anayeingia na simu mpaka zamu iishe.

"Cheza," nilimwambia kaka. "Usitoke. Nakwenda."

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Sikumbuki nilimwambia nini dereva, ila alikwenda kama anayekimbizwa. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mwanamama mwenye funguo nyingi kiunoni, aliniambia sheria ni sheria. Nilimwambia kuna mtu atapoteza sauti Jumatatu na sasa hivi anaongea na ukuta. Sidhani kama alinielewa. Nafikiri alinionea huruma tu, kwa jinsi nilivyokuwa nahema na kanga imenitoka begani, akafungua mlango akaita.

Wifi alikuja na aproni yake ya plastiki, mvuke ukimfuata nyuma. Yeye alikuwa anajua habari za mechi, kwa hiyo nilipomwambia tu, "Shemeji yako Redio anaongea, mumeo hasikii, ruhusa iko kwako," alishika mdomo. Akatoa simu kabatini, akaweka kidole. Simu ikamkataa. Vidole vyake vilikuwa vimesinyaa kwa maji ya siku nzima, mistari yote imefutika. Akajifuta kwenye nguo yangu, akajaribu tena, ikakataa tena. Akaanza kuandika namba zake za siri, akakosea, akashusha pumzi, akaandika upya. Alipofika kwenye swali la mashine, kama anamruhusu mtoto wake kuongea na watu wengine, alibonyeza ndiyo kwa nguvu mpaka nikaogopa kioo kitapasuka.

"Mwambie shemeji nampenda," aliniambia. "Kimbia."

Niliporudi, mechi ile ya kwanza ilikuwa imekwisha. Walikuwa wamerudi kwenye ukurasa wa kusubiri, majina matatu, na kaka alikuwa amekaa vilevile nilivyomwacha, pedi mapajani. Macho yalikuwa mekundu.

"Alitangaza mpaka mwisho," alisema. "Taa haikuzimika."

Ile ilikuwa mechi nzima ya sauti ya rafiki yake, haikurudishwa na haitarudi, na alikaa akiitazama yote. Mpaka leo nikiikumbuka inaniuma. Nilimwambia atoke aingie tena, ruhusa imepatikana. Alipotoka majina yakapotea, mashine ikazunguka, ikazunguka. Kisha yakarudi.

"...naye Fundi ametoka na karudi," ilisema sauti. "Alikwenda kunywa maji."

Ningeisikia barabarani nisingemjua. Ilikuwa imebaki pumzi yenye mchanga ndani yake. Lakini yale madaha yalikuwa yaleyale, ule mkato wa maneno, na kaka alijiinamia akaweka ngumi kwenye paji la uso.

"Redio," alisema. "Ndiyo kwanza nakusikia."

"Mechi yote ile?" aliuliza Mrefu.

"Yote. Mashine ilinihesabu mtoto. Niliandika tarehe ya binti."

Kisha Redio akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kirefu cha kuchana kifua, nasi tukangoja kwa hofu. Alipokipita alisema polepole, neno moja moja: "Andika... la... mwenye mali." Hapo tukacheka wote, hata kaka, machozi yanamtiririka hajisumbui kuyafuta. Nikamfikishia salamu za wifi. Redio akasema wifi apokee zake pia, na mimi nisimame mbali na lango, nazuia wachezaji.

Mechi ya pili ikaanza, akatangaza. Alikuwa anatumia maneno machache sasa, kama kaka. "Fundi. Anaupima. Hajaridhika nao. Anampa Mrefu." Kaka alicheza ovyo, maana alikuwa anasikiliza kuliko kucheza, shingo ameielekeza kwenye televisheni. Kabla ya mapumziko sauti ilianza kukatika. Sentensi ilianza na mwisho wake haukufika. Kisha ikawa herufi tu. Kisha ikabaki pumzi.

"Pumzika," Mrefu alimwambia. "Inatosha, ndugu yangu."

"Fundi," Redio alisema. Ilisikika kwa shida. "Endelea wewe."

"Mimi?"

"Sema unachokiona."

Kaka alinigeukia mimi. Ni mazoea ya maisha, panapotakiwa maneno huwa ananigeukia. Na maneno nilikuwa nayo, yamenijaa mdomoni, lakini niliuma ulimi. Sikuombwa mimi.

Akakohoa kidogo. "Mpira," alisema. "Mpira uko kwa mwenye bluu." Akafikiri. "Sote tuna bluu. Uko kwa Mrefu. Mrefu anaupeleka pembeni. Pembeni kuna mtu. Basi, ameuchukua."

"Basi ndiyo nini?" Mrefu alisema.

"Mrefu amenyang'anywa," kaka aliendelea. "Anamkimbiza mtu. Anakimbia kama yuko ndani ya lori lake, limejaa, na mlima ni mkali. Amesimama kuzoa taka. Hapana, amekwenda. Redio yuko katikati, hana kazi. Redio, sogea mbele. Amesogea, ndugu wasikilizaji. Mara ya kwanza katika maisha yake amesikia la mtu."

Taa ya Redio ilikuwa inawaka kwa pumzi tu. Tulijua anacheka.

Sikuwahi kumsikia kaka yangu akisema sentensi kumi kwa mfululizo. Siku ya harusi yake alisema, "Asanteni, kuleni." Siku ile alitangaza kipindi kizima cha pili, vibaya, akirudia maneno, akisahau upande tunaoshambulia, akipandisha sauti mpaka jirani akachungulia dirishani. Nililia wazi, sikujificha. Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumefungwa, na hapo Redio akakusanya alichobakiwa nacho.

"Kumbe unayo," alisema.

Hakuongea tena siku ile. Tulikaa tukisikilizana kupumua mpaka jina lake lilipotoweka kwenye kioo.

Jumatatu ikaja ikapita. Mkewe alituandikia kwamba ametoka salama kwenye upasuaji, anapumua, amekasirikia chakula cha hospitali kwa ishara za mikono. Kaka alisoma ujumbe ule amesimama katikati ya karakana, kisha akakaa juu ya kochi la mteja lisilo na sponji, juu ya mbao na springi tupu, bila kulipima.

Ilipita zaidi ya miezi miwili ndipo Mrefu alipotupigia: Redio anataka kucheza. Asubuhi ya siku hiyo nilimuuliza kaka kama atatangaza. Akatikisa kichwa. "Nimpigie makelele mtu aliyenyang'anywa sauti? Itakuwa kumsimanga." Nikaona ana haki. Wakati huo akaunti yake ilikuwa imeshasahihishwa na amekua mtu mzima, na wifi hakuwa zamu, tukakaa wote watatu.

Majina yakaja. Mrefu alisalimia kwa sauti ya chini, ile ya kwenye wodi. Kaka akaitikia. Akabonyeza kwamba yuko tayari, alama ya kijani ikatokea mbele ya jina lake. Mrefu naye akabonyeza, ikatokea. Tukamngoja Redio. Jina lake lilikuwapo, lakini mbele yake pakawa patupu. Tukangoja. Wifi akaondoka akaweka maji jikoni akarudi, bado.

"Mtandao wake umekwama?" Mrefu aliuliza.

"Au vidole vinamsumbua, na zile dawa," wifi alinong'ona.

Kaka alikuwa amepatazama pale patupu kwa muda mrefu, vile anavyotazama fremu kabla hajaigusa. Kisha nikamwona anaivuta maiki karibu na mdomo.

"Ndugu wasikilizaji," alisema. "Karibuni tena uwanjani. Hali ya hewa ni nzuri. Upande wetu leo yupo Mrefu, nipo mimi, na katikati, baada ya kuwa nje kwa majeraha..."

Hakuimaliza. Alama ya kijani iliwaka mbele ya jina la Redio, na mechi ikaanza.